Akikuita Mtu Kwenye Uzio, Geuka: barua kwa vijana wa Kusini mnaokwenda Jeshi la Anga

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimepata habari kwamba baadhi yenu, wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na hapa Mtwara mjini, mmemaliza JKT na mmeitwa jeshini, na wachache mmepangiwa Kamandi ya Jeshi la Anga. Nimefurahi sana. Kazi hiyo nimeifanya miaka 28, fundi wa ndege za mizigo. Nilianza na Caribou, nikamalizia na Buffalo, zote za Kanada. Habari za injini mtafundishwa na wenye kazi yao. Mimi nataka kusema nanyi juu ya watu mliowaacha nyuma, maana mtakutana nao, na hakuna mkufunzi atakayewaandaa kwa hilo.

Msidhani ukivaa magwanda umeihama dunia. Jeshi la Anga ni dogo. Utapelekwa Ukonga, Ngerengere, Mwanza, kisha utarudishwa Ukonga, na sura ni zilezile. Kwenye ndege ya mizigo ndiyo zaidi, kwa sababu inatua popote penye askari, na askari hao ni wale uliosoma nao, ulioogelea nao, uliookota nao mabibo.

Mwanzoni mwa mwaka 1979, vita ya Kagera imepamba moto, tulikuwa Mwanza. Caribou ina injini za pistoni, silinda 14 kila injini, zimepangwa duara. Ikilala usiku, oili huteremkia silinda za chini, na ukiiwasha hivyohivyo unaweza kuivunja. Kwa hiyo kila alfajiri tulilizungusha pangaboi kwa mikono, bapa moja baada ya jingine, tunahesabu. Mimi nilizoea kuhesabu kwa wimbo wa jandoni, kwa sauti ya chini, maana mdundo wake unakwenda na mikono.

Alfajiri hiyo askari wa miguu walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao wakisubiri malori. Nilipofika penye kiitikio, sauti ikaitikia kutoka gizani. Mwili ukanisisimka. Wimbo ule hauimbwi ovyo, wala siuandiki hapa. Waliopita wanajua kwa nini. Nikaendelea, nikaitikiwa tena. Nikaliacha pangaboi, mwenzangu akanigombeza, nikaifuata sauti. Alikuwa mwenzangu wa kumbi moja, yaani tulitiwa jandoni pamoja, kule upande wa Mikindani, tuliyelala naye mkeka mmoja. Tulikuwa hatujaonana miaka 12. Tulipata kama dakika tano, na vita hatukuigusa. Aliniuliza kama mama yangu bado anauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Kisha akatoa korosho kwenye mfuko wa shati, za kubanguliwa nyumbani, zimeungua kidogo upande mmoja, akanijaza kiganjani. Lori likaja.

Alirudi salama, namshukuru Mungu. Nimewasimulia hayo ili mjue uzito wa mtu ninayemtaja sasa.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliikata barabara yetu. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa mwaka 2003, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni. Kusini tulikuwa kama kisiwa. Siku moja tukatua Kikwetu, Lindi, tuna mzigo wa serikali wa kurudi nao Dar es Salaam. Yule mwenzangu sasa alikuwa mfanyabiashara. Akaja na magunia mawili ya korosho. "Ndugu yangu, mawili tu. Sisi tumelala mkeka mmoja."

Mzigo ulikuwa umeshapimwa na kufungwa. Ndege haiangalii uzito peke yake, inaangalia na mahali uzito ulipokaa: ukizidisha nyuma, pua inanyanyuka na rubani hana nguvu ya kuirudisha. Na ilikuwa saa saba mchana. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa linabeba kidogo, injini inavuta kidogo, na urefu wa kiwanja uliokutosha alfajiri hauwezi kukutosha muda ule. Tena ndege ile haikuwa yangu wala yake.

Nilimwambia hapana. Lakini nilishuka chini, nikamshika mkono, nikamweleza yote haya tukiwa tumesimama kivulini chini ya bawa. Sikumpigia kelele kutoka mlangoni. Hapo nawaomba mtulie kidogo. Hakunielewa. Alininunia misimu miwili ya korosho. Kila nilipokuja likizo nilikwenda kwake. Mara ya kwanza hakutoka ndani. Mara ya pili mkewe alinipa maji ya kunywa. Mara ya tatu alitoka mwenyewe, tukakaa mpaka giza likaingia. Ukimnyima mtu nafasi ya gunia, miguu ya kwenda kwake ni yako. Yeye kaona amekataliwa tu, na hesabu za uzito hazijui.

Vivyo hivyo fundi mliyetoka naye kijiji kimoja akikwambia, "Tia saini tu, nati ile nimeshaikaza mimi." Chukua tochi, nenda ukaitazame. Rafiki wa kweli atakumulikia.

Na siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya mliosoma pamoja. Wataomba picha za kambini na za ndege. Wasalimie, wachangie misiba na harusi zao. Picha usitume.

Vyeo navyo vitaingia kati yenu. Mliyekaa naye dawati moja atakuwa Kanali na wewe Sajini Taji. Mbele ya askari mpigie saluti, mwite afande, na usiwe na kinyongo. Mimi nilikuwa na mmoja wa namna hiyo. Alingoja gwaride livunjwe, akaja karakana, akakaa juu ya sanduku langu la spana, akaniita jina langu la kumbini. Mkubwa ukiwa wewe, fanya kama yeye, kwa sababu wa chini hawezi kukuanza.

Sasa niwaambie lililonisukuma kuandika. Mwaka 1984 nilikuwa Koplo, cheo bado kipya begani, nina miwani meusi. Tulitua hapa Mtwara tukiwa na maofisa. Watu walikuwa wamejipanga kwenye uzio kutazama ndege. Mmoja akaniita kwa jina la utani la shuleni. Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Huyo ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka kijito wakati wa masika ili daftari zangu zisilowe. Shati lake lilikuwa limechanika begani, na maofisa walikuwa karibu yangu. Sikugeuka. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini. Mimi nikainama, nikakagua tairi nililokuwa nimeshalikagua.

Wanangu, akikuita mtu kwenye uzio, geuka. Weka begi chini, nenda ukampe mkono, nusu dakika inatosha. Hakuna ofisa atakayekufunga kwa hilo.

Nilistaafu mwaka 2004, nikapata kiwanja hapahapa Mtwara, nikahitaji barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa yeye. Nikasema, "Shikamoo kaka." Akaitikia marahaba, akavuta karatasi, akafungua kalamu.

"Jina?"

Nikamtajia. Akaniomba nirudie, herufi kwa herufi, kama anavyomwomba mgeni. Akaandika kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri, akanitakia heri. Ni jirani mwema. Msikitini tunasimama safu moja, na nikiugua huja kunijulia hali. Lile jina aliloniitia uwanjani hajalitamka tena mpaka leo.

Mzee wenu,
Mtwara