Barua kwa mwanangu: roketi yako, kabla hujaipeleka uwanjani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kampala. Sisi hapa nyumbani tu wazima, mama yako anakusalimu, nawe msalimie mjomba wako na watu wote wa nyumbani kwake.

Kifurushi cha roketi yako ndogo ya karatasi kimepanda basi la Soroti leo asubuhi. Injini hazimo. Zina baruti ndani, hazipandishwi ndege ya abiria wala hazifai kuwekwa chini ya viti vya watu kwenye basi. Wakala wa mizigo atazileta na karatasi zake, na atakayezitunza ni mjomba wako, chumba kikavu, mbali na jiko. Wewe usizisubiri. Kazi ya mezani ina siku nne, na hapo mezani ndipo inapoamuliwa kama roketi itapaa au itageuka angani na kukurudia.

Panga vitu vyote juu ya gazeti uvihesabu: mrija mrefu wa karatasi ngumu wenye kipenyo cha milimita 25, pua ya plastiki, ubao wa balsa, mti mwepesi sana, wa kutoa mapezi matatu, mrija mfupi wa injini na pete zake mbili na kibanio cha chuma, kijimrija chembamba cha kupitishia fimbo ya kurushia, ukanda wa mpira, na parashuti ya nailoni ya sentimita 30. Dukani nunua gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 220 na 400, wembe mpya, selotepu na poda ya mtoto. Supaglu usiiguse kwa mapezi. Inakauka kama kioo, pezi likigonga ardhi linabanduka zima.

Anza na kiti cha injini, yaani ule mrija mfupi na pete zake. Pima kwa rula pete ya mbele itakapokaa, paka gundi ndani ya mrija mahali hapo kwa kijiti, kisha sukuma kiti kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukisimama katikati ili utazame, karatasi inanyonya maji ya gundi, inavimba, pete inanasa hapo hapo, na hutaitoa tena bila kuuchana mrija. Fanya mazoezi mara mbili bila gundi kwanza.

Sasa mapezi, na hapa nakuomba utulie. Roketi iliyopeleka PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, ilikuwa na kompyuta iliyogeuza midomo ya injini ili isipinde njia. Yako haina kitu ila mapezi matatu na upepo unaoyapita. Shika ubao wa balsa uuelekeze dirishani, utaona nyuzi za mti zimelala upande mmoja. Nyuzi hizo ziwe sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, ule unaoukata upepo. Zikilala sambamba na mrija, pezi litakatika kama biskuti siku ya kwanza ya kutua. Yabane mapezi yote matatu pamoja uyapige msasa kwa pamoja ili yalingane. Ukingo wa mbele ufanye wa mviringo, wa nyuma uupunguze uwe mwembamba, ila ule wa kugandia uache wima kabisa.

Kugawa mrija ni rahisi. Zungushia ukanda wa karatasi, kata panapokutana, ukunje uwe sehemu tatu sawa: utapata kama milimita 26 kila sehemu. Hamishia alama kwenye mrija, uulaze kwenye pembe ya fremu ya mlango, upige mistari iliyonyooka. Paka gundi kwenye pezi, ligandishe, kisha libandue. Ndiyo, libandue! Acha gundi hiyo ikauke dakika chache, paka ya pili nyembamba, ndipo uligandishe moja kwa moja. Gundi ya kwanza imeshaingia ndani ya karatasi na mbao, kwa hiyo ya pili inashika mara moja wala pezi halitelezi. Litazame kwa nyuma, jicho moja limefumba: pezi lililoinama kidogo litaizungusha roketi kama pia. Kesho yake pitisha gundi kwa kidole pembeni mwa kila pezi, pande zote mbili, nyembamba, roketi ikiwa imelazwa. Gundi nene hufanya mapovu na haikauki ndani.

Kijimrija cha fimbo kikae katikati ya mapezi mawili, kimenyooka na mwili. Rangi ikiingia ndani yake roketi itakwama kwenye fimbo. Ukanda wa mpira, unaoishika pua isipotee, uugandishe sentimita nne ndani ya mdomo wa mrija, usije ukaizuia pua. Urefu wake uwe mara mbili au tatu ya urefu wa mwili, kwani ukanda mfupi huirudisha pua kwa nguvu ikaupasua mrija. Pua yenyewe ivutike kwa vidole viwili, lakini isianguke ukiipindua roketi. Ikilegea ongeza selotepu, ikibana ipige msasa. Tena siku ya kurusha ijaribu upya, maana unyevu unaivimbisha karatasi.

Kipimo kikubwa sasa. Chora kivuli cha roketi, pua hadi mapezi, kwenye boksi gumu, ukikate, ukilaze juu ya ukingo wa rula mpaka kisawazike, weka alama. Hapo ndipo upepo unapoisukuma roketi. Kisha chukua roketi yenyewe, ikiwa na parashuti na injini ndani, uisawazishe juu ya kidole. Kidole kiwe mbele ya ile alama, upande wa pua, kwa milimita 25 au zaidi. Kikiwa nyuma yake, roketi itapinduka mara tu ikiacha fimbo. Tia udongo wa kufinyangia ndani ya pua kidogo kidogo mpaka kisogee. Halafu ifunge uzi wa mita tatu hapo hapo inaposawazika, uushike kwa selotepu, uizungushe kichwani kwako uwanjani. Pua ikitangulia, iko sawa. Usiruke hatua hii hata mjomba akisema roketi inapendeza.

Injini utakazopata zimeandikwa A8-3 na B6-4. Herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde zinazopita baada ya moto kuisha kabla baruti ndogo haijaisukuma pua na parashuti nje. Anza na A8-3: mita mia hivi juu, na roketi utaiona mpaka mwisho. Ukikuta injini inayoishia na 0, hiyo ni ya roketi ya ngazi mbili, ambayo injini ya chini huiwasha ya juu. Kwako itafyatua pua roketi ikiwa bado na mwendo mkali na kuchana kila kitu.

Usichanganye baruti yako mwenyewe, wala vichwa vya viberiti, wala mbolea. Mwaka 1957 Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, alimtumia G. Harry Stine, mhandisi wa roketi, roketi zake za karatasi zenye injini ya kubadilisha, kwa sababu vijana wa Marekani walikuwa wakijiumiza kwa roketi za mabomba ya chuma. Mwili wa karatasi na injini ya kiwandani ndiyo maana mchezo huu unachezeka.

Uwanja: chagua malisho yaliyo wazi, upana usipungue mita 60 kwa B, mbali na mivumo, miembe na nyaya za umeme. Soroti ina chuo cha marubani na ndege ndogo hupita chini, kwa hiyo mjomba aende kwanza uwanja wa ndege na kituo cha polisi, aseme siku na mahali, na mkikataliwa muache. Januari anga ni safi lakini nyasi ni kiberiti. Fyekeni mita mbili kuzunguka kigoda cha kurushia, mwage maji, jerikeni moja ibaki kando, na bati liwe chini ya injini.

Ndani ya mrija tanguliza karatasi zisizoshika moto za kuikinga parashuti, tatu au nne, zilizokunjwa ovyo. Karatasi ya chooni haifai, itaanguka inafuka kwenye nyasi. Ipake parashuti poda, ikunje, iingie bila kusukumwa. Kiwashio, kile kiwaya cha umeme kinachoiwasha injini, kiguse baruti kabisa, kisha kibane na kizibo chake. Mara nyingi roketi isipowaka ni kwamba kiwashio kimeelea milimita mbili tu. Klipu za nyaya zinazotoka kwenye swichi zisigusane wala kugusa bati, na zisugue kwa msasa.

Ufunguo wa swichi ukae mfukoni mwako mpaka watu wote wawe mita tano nyuma. Fimbo ya sentimita 90 iwe safi, ncha yake ivishwe kifuniko mpaka dakika ya kurusha. Watu wameumia macho kwa kuinama juu yake. Hesabu kwa sauti kutoka tano. Isipowaka, toa ufunguo, ngoja sekunde 60, ndipo usogee.

Roketi huinamia upepo inapopanda, kisha parashuti huirudisha na upepo. Weka kigoda upande upepo unakotoka. Ikikaa angani sekunde 30 na upepo ni mita 3 kwa sekunde, itatua mita 90 mbele. Ikiwa hiyo ni nje ya malisho, kata tundu la sentimita tano katikati ya parashuti ishuke upesi. Ikinasa kwenye waya wa umeme, iacheni huko.

Nipigie jioni uniambie kidole kimekaa milimita ngapi mbele ya alama, kabla mjomba hajaruhusu injini hata moja iwashwe.

Baba yako