Kitanda cha mjukuu wangu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Baba yako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Picha ya kile kitanda ulichokiona mnadani nimeipata na nimeitazama sana. Kinapendeza, kinabembea, na bei yake nafuu. Hata hivyo nakuomba usikinunue, mama.

Kile kimeinama. Kichanga ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Ukimlaza kwenye mteremko, kidevu hushuka kifuani na njia ya pumzi hubanwa kama mpira wa maji uliokunjwa. Wala hatalia, maana kulia kunataka pumzi. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni vitanda vyake vya namna hiyo, Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya kulalia vichanga vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10, pamoja na vile vitakia vya kuzungushia kitanda. Muuzaji wa mtumba simlaumu, huenda hajui. Wewe sasa unajua.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Ulipokuwa na miezi minne ulilala kwenye kitanda alichotuchongea fundi wa mtaani. Godoro tulinunua kwingine. Likapungua upande wa ukutani, nami nikajaza pengo kwa khanga mbili nilizozikunja vizuri. Usiku mmoja nilishtuka kwa sababu saa ya kunyonya ilikuwa imepita na wewe kimya. Nikakukuta umejiviringisha, uso umezama kati ya godoro na ubao, khanga imekuziba pua. Nilipokuvuta ukalia. Sijasikia tena sauti tamu kama ile. Nilikaa nimekupakata mpaka adhana ya alfajiri, na kesho yake baba yako akakivunja kile kitanda kuni.

Kwa hiyo cha mjukuu wangu nitakisimamia mwenyewe. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, fundi arudie. Godoro liwe gumu, ukilibonyeza kwa kiganja linarudi palepale, na likae limebana pande zote nne. Juu yake shuka moja lililokazwa, basi. Mto hapana, blanketi hapana, hata yule sungura wa manyoya aliyeletwa na shangazi yako akae kabatini kwanza. Chandarua ni lazima, lakini kikazwe na ncha zake zichomekwe chini ya godoro, kisimwangukie usoni. Na kwa joto hilo la Dar es Salaam usimvike nguo juu ya nguo. Mtoto akichemka mwili usingizini ni hatari vilevile.

Mama mkwe wako atakwambia mtoto akilazwa chali atapaliwa na matapishi. Msikilize kwa adabu, hata sisi tuliambiwa hivyo. Kisha mweleze kwamba mtoto akilala chali, koo la hewa linakuwa juu ya koo la chakula, na maziwa yakipanda hayaingii kwenye koo la hewa kwa urahisi. Akilala kifudifudi ndipo koo la hewa linapokuwa chini. Alazwe chali kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Akianza kujigeuza mwenyewe, mwache.

Kitanda chake kiwe kando ya chako. Ukishamnyonyesha, mrudishe kwake. Na nakusihi, usiku ukiwa umechoka usimnyonyeshee kwenye sofa. Usingizi ukikuchukua hapo, mtoto anazama kwenye mito na wewe huna habari.

Fundi anasubiri vipimo. Nunua godoro kwanza, ulipime urefu, upana na unene, uniandikie, ndipo achonge kitanda kwa kulifuata. Khanga nakutumia nne, za kumbebea.

Mama yako