Kuonja mvinyo Deidesheim: barua kwa Neema

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, na poleni na baridi ya huko Mannheim. Barua yako nimeipata pamoja na orodha ya mvinyo mtakaoonja na wageni wenu wa Dodoma kule Deidesheim, mji mdogo wa eneo la mvinyo la Pfalz, Ujerumani. Orodha nimeisoma. Haijapangwa, imemwagwa tu. Kuna aina nane, na Riesling Spätlese tamu (Riesling ni zabibu nyeupe) imewekwa ya tatu. Mkifuata mtiririko huo, kila kitakachokuja baada yake kitaonekana kikali na chepesi hata kama ni kizuri.

Waandikie wenyeji wenye mvinyo mapema wapange hivi: Weißburgunder kwanza, halafu Riesling ya kawaida (Gutswein), Riesling ya shamba maalumu, Grauburgunder iliyokaa kwenye pipa, Scheurebe kavu (yaani isiyo na utamu), kisha nyekundu mbili, Spätburgunder na Dornfelder, na Spätlese ifunge kazi. Weißburgunder inatangulia kwa sababu ni pole. Ikija nyuma ya Riesling utadhani ni maji. Scheurebe ina harufu ya balungi inayong'ang'ania puani, kwa hiyo ikitangulia, Grauburgunder haitasikika. Wengi wameshika tu kwamba nyeupe huja kabla ya nyekundu, basi na nyeupe tamu wanaitanguliza. Kinachotakiwa hasa ni kavu kabla ya tamu. Ulimi uliotoka kwenye gramu 60 za sukari kwa lita ukikutana na mvinyo usio na sukari hauoni kingine ila uchachu.

Wageni wako watashangaa uchachu huo, kwa hiyo ujue pa kuanzia kuwaeleza. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwenye joto. Pfalz wanavuna mara moja, hasa Septemba na Oktoba, na usiku tayari umeanza kupoa. Kwenye joto mzabibu huunguza asidi ya maliki iliyomo ndani ya zabibu. Usiku wa baridi huibakiza. Ndiyo maana Riesling hubeba gramu 7 au 8 za asidi kwa lita bila shida, na ndiyo maana inaweza kubeba sukari nyingi bila kuchosha mdomo.

Sasa lebo. Neno la kutafuta ni trocken, yaani kavu. Watu hudhani maana yake ni sukari sifuri, kumbe sheria inaruhusu hadi gramu 4 kwa lita, na hadi 9 ikiwa sukari haiizidi asidi kwa zaidi ya gramu 2. Mvinyo wenye sukari gramu 8.5 na asidi 7 unaitwa trocken. Wenye sukari hiyohiyo na asidi 5 hauwezi. Halbtrocken, yaani nusu kavu, hufika gramu 12, au 18 ikiwa tofauti na asidi haizidi 10. Neno feinherb, ambalo nalo utalikuta kwenye lebo, halina kipimo cha kisheria, hivyo uliza namba. Wenyeji huwa na karatasi ya vipimo na hawaoni vibaya kuulizwa: Restzucker ni sukari iliyobaki, Säure ni asidi.

Kama karatasi haipo, angalia asilimia ya pombe. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia 1. Riesling Spätlese yenye pombe asilimia 8 imebakiwa na sukari nyingi kwa sababu chachu ilisimamishwa kabla ya kuimaliza, yenye 12.5 karibu hakika ni kavu. Neno Spätlese lenyewe halisemi kama mvinyo ni mtamu. Linataja uzito wa sukari kwenye juisi siku ya mavuno, basi.

Joto ndilo huharibu kazi nyingi. Nyeupe kavu ziwe nyuzi 9 hadi 11, Grauburgunder ya pipa 12, Spätlese 8 hadi 10, Spätburgunder 14 hadi 16, Dornfelder 16 hadi 18. Nyekundu ikiachwa mezani kwenye chumba cha nyuzi 22, pombe hupanda puani na kufunika tunda. Ikiwa baridi mno nayo hukakamaa, ukakasi ukazidi. Wakikuletea nyekundu ya moto, omba ndoo yenye maji na barafu uiweke dakika 10. Nyeupe iliyotoka kwenye friji la nyuzi 5 haina harufu. Kumbatia glasi kwa viganja viwili ungoje kidogo.

Mimina mililita 40 kila mara, glasi ya tulipu, isizidi theluthi. Chupa ya mililita 750 inatoa miminio 18, kwa hiyo nyinyi sita chupa moja ya kila aina inawatosha hata kwa kurudia. Nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena. Halafu chukua funda dogo, lizungushe mdomoni sekunde 10 huku ukivuta hewa kidogo, uteme. Chombo cha kutemea kinaitwa Spucknapf. Ukikitaja kwa jina watakileta. Usione haya. Miminio minane ya mililita 40 ni mililita 320, karibu gramu 30 za pombe safi, na mtu aliyezimeza hawezi kutofautisha chochote kuanzia aina ya tano. Barabarani kiwango cha pombe kwenye damu ni 0.5 kwa elfu, na kwa dereva aliye kwenye miaka miwili ya majaribio ya leseni, au aliye chini ya miaka 21, ni sifuri. Deidesheim ina kituo cha treni. Nendeni kwa treni kupitia Neustadt.

Nyekundu ndizo zitakazowachanganya zaidi. Uchachu hutoa mate, ukakasi huyakausha: tanini, kitu cha maganda na mbegu kinacholeta ukakasi, hushikana na protini za mate, ulimi ukakwaruza kwenye ufizi. Baada ya kutema Spätburgunder, pitisha ulimi juu ya meno ya mbele. Ukakwama kidogo kisha ukalainika, tanini ni nzuri. Ukihisi ukavu nyuma ya ulimi pamoja na uchungu wa mbegu, zabibu zilikamuliwa kwa nguvu au hazikuiva. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: Spätburgunder huwa nyekundu ya kupenyeka, unaweza kusoma maandishi kupitia kwake, na hilo si kasoro. Ni zabibu ileile Wafaransa wanayoiita Pinot Noir, na ganda lake lina rangi kidogo. Dornfelder ni kinyume, nyeusi ya zambarau. Ilizalishwa Weinsberg mwaka 1955, na rangi ndiyo iliyoipa umaarufu kwanza.

Kwa Dornfelder uliza swali moja: maischevergoren au maischeerhitzt? Ya kwanza ilichachuka pamoja na maganda, tanini ikatoka. Ya pili zabibu zilipashwa moto, rangi ikatoka upesi, kisha juisi ikakamuliwa na kuchachushwa bila maganda. Ina tunda jingi na ulaini, lakini mwisho wake ni mfupi, ladha haikai mdomoni. Kwa maoni yangu ya pili hailipiwi bei ya ya kwanza. Ukinusa karafuu na vanila, hayo si ya zabibu, ni ya pipa la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa dogo la lita 225 likiwa jipya linaweza kumeza tunda lote, hasa la Spätburgunder.

Mkate mweupe na maji yasiyo na gesi vinatosha mezani. Jibini ikae mpaka mwisho: mafuta yake hufunika ulimi, na nyekundu ngumu huonekana laini kuliko ilivyo. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Manukato msijipake.

Kuhusu kasoro, usikimbilie kulalamika. Harufu ya mafuta ya taa kwenye Riesling iliyokaa miaka kadhaa ni ya kawaida, na wapo wanaoilipia. Chembe zinazong'aa chini ya chupa ni chumvi za asidi ya tatariki, hazidhuru. Yai viza au kiberiti mara nyingi huondoka ukizungusha glasi dakika chache. Lakini kadibodi iliyolowa haiondoki, huzidi. Hiyo ni kizibo kibovu, rudisha chupa wakufungulie nyingine. Harufu ya siki nayo haina dawa.

Mkitaka kununua, usiandike jina la mvinyo peke yake. Nakili namba ya A.P., yaani ya ukaguzi rasmi, kwenye lebo: tarakimu mbili za mwisho ni mwaka uliopimwa, zinazotangulia ni namba ya ujazaji. Chupa mbili za Riesling ya jina moja na mwaka mmoja zikiwa na namba tofauti zimetoka kwenye ujazaji tofauti, na ladha inaweza kutofautiana. Kabla ya kulipia boksi, omba pia kuonja chupa ya Spätburgunder iliyofunguliwa jana kama wanayo. Iliyochoka ndani ya siku moja usiiwekee matumaini ya kukaa miaka mitano.

Niandikie wakikujibu kuhusu orodha, na unitumie ile karatasi ya vipimo ukiipata. Wasalimie wageni, na mama watoto wa kaka yako pia.

Wako,
Tumaini