Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Daktari alifungue daftari langu

Mheshimiwa Waziri,

Huu ni mwaka wangu wa 9 na kisukari cha aina ya pili. Nakuandikia kuhusu daftari.

Ni daftari la kawaida, nimelipiga mistari kwa rula: saa, sukari kabla ya kula, sukari saa mbili baada ya kula, nilichokula, nilivyojisikia. Pembeni mwa kurasa kadhaa pana madoa ya damu, ya siku zile nilipokuwa bado sijui kwamba kidole huchomwa ubavuni, si kwenye ncha inayoshika kila kitu mchana kutwa. Hilo nilijifunza mwenyewe. Nilijifunza pia kwamba sahani iliyojaa wanga inanipandisha hadi milimoli 13.6 kwa lita, na kwamba nikipunguza wanga nusu, kisha nikatembea dakika 20, nasoma 9.4. Nikaendelea hivyo, nikapungua uzito, nikafurahi.

Ndipo daftari likaanza kusema jambo jingine. Saa tano asubuhi: 3.1, sukari imeshuka mno. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno hayaji mdomoni. Mara tatu ndani ya wiki mbili. Nilikuwa natumia glibenklamidi, dawa inayoisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna kitu cha maana. Chakula nilikuwa nimekipunguza, dozi ikabaki ileile.

Nililipeleka daftari kliniki. Daktari alilisogeza kando kwa ncha ya kalamu, macho yake yakiwa bado kwenye faili. Akaniuliza nani kaniambia nijipime. Nilipomweleza habari ya kutetemeka, akasema ni wasiwasi tu, kwani kipimo changu cha damu cha HbA1c kilikuwa kizuri. Mheshimiwa, HbA1c huonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu. Mtu anaweza kupanda sana usiku na kushuka hadi hatarini asubuhi, wastani wake ukatoka mzuri kabisa.

Aliyenisaidia ni muuguzi, pale pale kliniki. Alilifungua, akateremsha kidole kwenye mistari ya saa tano, akanyamaza kidogo, akaingia ndani kuzungumza na daktari mwingine. Siku hiyo hiyo dozi ikapunguzwa. Tangu hapo sijashuka chini ya 4.

Simdharau daktari, na foleni ya wagonjwa naiona. Lakini yeye huniona dakika chache kila baada ya miezi mitatu. Siku nyingine zote ugonjwa huu nauuguza mimi. Na mgonjwa anayenyamazishwa harudi nyumbani akatulia. Humwendea muuza dawa za miujiza anayemsikiliza saa nzima, kisha huacha vidonge. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo, na wapo waliokatwa miguu.

Inaniuma zaidi kwa sababu ushahidi upo. Katika utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza kwa watu 306, karibu nusu ya waliosaidiwa kupunguza uzito kwa mpango maalumu wa chakula walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na HbA1c chini ya asilimia 6.5, yaani chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa ya kisukari. Walisimamiwa na wahudumu wa kliniki za kawaida. Mimi nilipouliza kama inawezekana, niliambiwa nisijisumbue.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Toa mwongozo kwamba kila mgonjwa wa kisukari anayekuja na vipimo vyake, visomwe mbele yake na viandikwe kwenye faili. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi apatiwe vijiti vya kupimia, na afundishwe la kufanya akisoma chini ya 4. Tena miguu, macho na mkojo vikaguliwe kila mwaka bila mgonjwa kubembeleza: kwa miaka yote hii nimeambiwa nivue viatu mara mbili tu.

Kliniki yangu ijayo ni mwezi ujao. Nitakwenda na daftari.

Wako,
Mgonjwa wa kisukari