Benki zitupe taarifa mapema mgeni anapodai kurudishiwa malipo yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza sisi wenye kampuni ndogo za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, na bila shaka wenzetu wa Arusha, Karatu na Zanzibar. Tumehimizwa kwa muda mrefu tupunguze fedha taslimu, tuweke mashine za kadi ofisini na malipo ya kadi kwenye tovuti zetu. Tumeitikia. Mgeni wa Ujerumani au Marekani hapendi kusafiri na bunda la noti, na sisi wenyewe hatutaki kubeba mamilioni kwenye mkoba kutoka ofisini hadi benki. Lakini aliyetuletea mashine alituonyesha namna ya kuingiza kiasi na kutoa risiti, akaaga. Hakutueleza litakalotukuta siku mgeni akisharudi kwao akaiambia benki yake kwamba malipo yale hayatambui.

Litakalotukuta ni hili: fedha zinakatwa kwanza kwenye akaunti yetu, na ada ya dai juu yake, halafu ndipo tunaulizwa tuna la kusema. Kwa madai mengi ya kadi za Visa na Mastercard mwenye kadi ana siku 120 za kufungua dai. Akiwa amelipia huduma ya baadaye, siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe aliyotarajia kuipata, na kwa utaratibu wa Visa dai linaweza kufunguliwa hadi siku 540 baada ya malipo. Kwa hiyo aliyelipa amana Januari ili apande Agosti anaweza kudai Novemba. Wakati huo wapagazi, wapishi na waongozaji wamekwisha kulipwa, na ada za hifadhi zimekwenda serikalini kwa kontroli namba. Mwenye kampuni kubwa anaweza kustahimili. Sisi tunakopa.

Sisemi wageni ni matapeli. Wengi wao wanatumia haki waliyopewa kwao. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayomruhusu mwenye kadi ya mkopo kuidai kampuni ya kadi sawasawa na muuzaji, kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Ni sheria nzuri, na mimi ningependa kulindwa hivyo nikinunua kitu ng'ambo. Ninachotaka ni kwamba na sisi tupewe nafasi ya kujibu.

Mgeni wetu mmoja wa njia ya Marangu alizidiwa na ugonjwa wa mwinuko akiwa kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kinamgonga, chakula hakipiti. Mwongozaji akamteremsha, na ndivyo ilivyompasa. Alipofika kwao alidai fedha zote, kwamba hakufika kilele cha Uhuru na hivyo hakupata alichokilipia. Kilichotuokoa ni daftari la hifadhi. Kila anayepanda anajiandikisha getini na katika kila kituo cha kulala, kwa jina lake na saini yake mwenyewe, na mwongozaji wetu hupiga picha ukurasa huo kila jioni. Tulipeleka picha za getini, Mandara na Horombo. Tukaambatisha mkataba aliousaini, unaosema waziwazi kwamba tunauza siku za mlimani, chakula na watu wa kumhudumia, wala hatuuzi kilele. Tukaongeza ujumbe wake wa WhatsApp akimshukuru mwongozaji kwa kumshusha salama. Dai lilikataliwa na fedha zikarudi.

Tulifanya yote hayo mbiombio, kwa sababu benki ilitufikishia taarifa zikiwa zimebaki siku chache tu. Barua ilikuwa na kiasi, tarehe na namba 13.1, basi. Ilibidi tuulize huku na huku hadi tukajua kwamba kwa Visa namba hiyo ni dai la mteja anayesema hakupata bidhaa au huduma, tofauti na 10.4, ambayo ni dai la udanganyifu kwa kadi isiyokuwepo mbele ya muuzaji. Ushahidi wa dai moja haufai kwa jingine. Ukijibu 10.4 kwa picha za Horombo bila kuonyesha kwamba aliyepanda ndiye mwenye kadi, umepoteza. Mwenzetu mmoja alijua habari alipoona makato kwenye akaunti, muda wa kujibu umekwisha.

Madai mengine yangezuilika kabla hayajazaliwa. Mgeni anatujua kwa jina lililo kwenye tovuti na ubavuni mwa gari, lakini kwenye taarifa ya kadi yake linatokea jina tulilosajili kwa msajili wa kampuni, BRELA, ambalo kwa wengi wetu ni jina la ukoo. Mtu yuko München, anaona jina asilolijua na tarakimu kubwa, tena kiasi chenyewe hakilingani na dola alizoambiwa kwa sababu benki yake imebadilisha fedha kwa bei yake. Atafanya nini? Atapiga simu benki. Kuweka jina la biashara analolijua mteja ni kazi ya benki iliyotupa mashine, nasi tumeliomba hilo kwa maandishi bila kujibiwa.

Kwa upande wetu pia kuna la kufanya, na nawasihi wenzangu tulishike. Risiti za mashine zinachapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Iache kwenye dashibodi ya gari au droo yenye jua, na baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe, ilhali dai ndiyo kwanza linaingia. Ipige picha siku hiyohiyo. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, tazama kwanza muamala wa mwisho kwenye mashine kabla ya kumwomba mgeni apitishe kadi tena, la sivyo anakatwa mara mbili. Ukimrudishia mtu fedha, zirudishe kwenye kadi ileile aliyolipia. Ukimpa taslimu, hakuna kitakachomzuia kudai tena. Na tuache kabisa kupokea picha za kadi kwa WhatsApp na kuandika zile tarakimu tatu za nyuma kwenye daftari la ofisi. Kanuni za usalama wa kadi haziruhusu kuzihifadhi, na dai la wizi likija huna pa kusimamia. Malipo ya mbali yapite kwenye kiungo ambacho benki ya mgeni inamthibitisha mwenyewe, kwa sababu hapo hasara ya kadi iliyoibwa kwa kawaida inakuwa ya benki yake.

Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Mwenye kampuni ya watu sita anayetumia mashine ya benki naye ni mtumiaji, na ninaiomba Benki Kuu izitake benki zifanye mambo haya: mkataba wa mashine uwe na nakala ya Kiswahili inayoeleza madai na ada zake, taarifa ya dai itumwe kwa simu na barua pepe siku benki inapoipokea, ikitaja sababu kwa maneno na ushahidi unaohitajika, na kila tawi liwe na mtu anayeweza kujibu maswali haya bila kutuambia tusubiri Dar es Salaam. Vyama vyetu vya mawakala wa utalii vilifuatilie hili sasa, kabla msimu wa Juni haujaanza.

Mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani,
Moshi