Kwa somo yangu wa Wete, kuhusu ukuta wetu na nyumba ya Bi Mkubwa

Mkunazini, Unguja
Mwezi wa Shaaban

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji u mzima wa afya, wewe, shemeji, watoto na wote hapo nyumbani, na kwamba mama amepata nafuu ya goti. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama Nassor anayekuletea barua hii atakupa habari nyingine zote kwa mdomo, za harusi ya Kikwajuni zikiwemo, kwa sababu mimi leo nina jambo moja tu na ninataka unisikilize mpaka mwisho.

Uliponipigia simu usiku ule nikakujibu kwa neno moja moja kisha nikakata, usidhani kwamba nilikuwa nimekasirika. Nyuma ya ukuta wangu palikuwa na grenda inayokata jiwe, nami nilikuwa siisikii sauti yako wala yangu. Nilitoka uani, nikapanda hadi juu, na hali ilikuwa ile ile. Unazijua nyumba hizi zilivyoshikana: kishindo kinachoanzia chini kwa jirani hupanda ndani ya mawe kikatokea ghorofani kwako.

Ni nyumba ya Bi Mkubwa. Unajua kwamba alipatwa na kiharusi mara baada ya Idi ya Mfunguo Tatu. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, lakini akili yake ni timamu na kauli inarudi pole pole. Alikuwa akilala ghorofani, na kila alipotakiwa kwenda hospitali vijana walimbeba juu ya kiti katika zile ngazi nyembamba zenye kona, kanga ikimponyoka kichwani, mwenyewe amefumba macho kwa haya. Wewe unaijua staha ya Bi Mkubwa. Kwa hiyo mwanawe alipokuja kutoka Maskati akatwambia kwamba mama atahamishiwa chumba cha chini, atajengewa choo cha kukaa badala ya kile cha kuchuchumaa, mlango wa chumba utapanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite, na nje patakuwa na mteremko badala ya vidato, mimi nilikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kumwombea heri. Ninakuomba uliweke neno hili moyoni unapoendelea kusoma: kazi ile siipingi, na ninaiombea imalizike vyema kwa ajili ya mama yule.

Kinachonihuzunisha ni namna inavyofanywa. Mafundi huanza pale watu wanapotoka msikitini alfajiri, na hawaweki nyundo chini mpaka baada ya Isha, kwa sababu likizo ya mwenyewe ni fupi na anataka arudi kazini akiwa amekwishamwona mama yake anaingia na kutoka bila ya kubebwa. Ninamwelewa kabisa. Lakini Baba Watoto anafanya kazi ya usiku bandarini, na sasa anarudi asubuhi, anavua viatu, anakaa kitandani na kuukodolea macho ukuta. Hali yake imeanza kunitia hofu, maana kazi ile ya bandarini haimtaki mtu mwenye usingizi. Na wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani wanakuja baada ya Alasiri, saa ambayo tindo limepamba moto. Mtoto anasoma, nami ninainamisha sikio karibu na mdomo wake na bado siwezi kujua kama ametamka sini au swadi. Ninawezaje kumsahihisha mtoto ambaye simsikii? Wawili nimewarudisha juzuu ya Amma upya, si kwa kosa lao, bali kwa kuwa sina hakika ya nilichokisikia.

Vumbi ndilo jambo la pili, na hilo halina saa. Chokaa inapukutika katikati ya boriti na kuanguka popote. Ninafunika sinia kwa kawa, juu ya kawa ninatandika kitambaa, na tukikaa kula tunakuta ungaunga mweupe umepenya.

Haya ya kelele na vumbi ningeyanyamazia, kwani yana mwisho wake. Ukuta ndio ulionitoa usingizini. Unakumbuka ule ufa mwembamba ulioko juu ya kidaka cha sebuleni, ambao mama yangu alikuwa akisema upo tangu yeye hajaolewa? Baba Watoto alibandika kipande cha karatasi juu yake, nusu upande huu na nusu upande ule, akaandika tarehe pembeni kwa kalamu ya wino. Karatasi ile imechanika katikati, na pengo lake unaweza kupitisha ukucha. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyoitazama saa.

Ukuta ule si wa matofali, somo yangu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake unapata nusu mita, nao unabeba vichwa vya boriti za mikoko kutoka pande zote mbili, zake na zangu. Umesimama miaka yote kwa utulivu na kwa uzito wake wenyewe. Ukipigwa na mashine inayotetema kutwa, udongo ule wa ndani hulegea ukashuka, na mawe hubaki na nafasi kati yao bila ya mtu kuona chochote kwa nje. Tena wanaziba mashimo kwa saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka, saruji huufungia ndani. Na unyevu ukifungiwa hutafuta njia nyingine, ukafika kwenye vichwa vya boriti, ukaviozesha huko ndani ukutani ambako jicho halifiki. Tangu tarehe 25 Disemba 2020 lilipoporomoka upande mmoja Jumba la Beit el Ajaib, mafundi wakiwa katika kazi ya kulitengeneza na wawili wakafa, mimi sioni ufa nikaweza kusema ni ufa tu.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe mwanawe Bi Mkubwa anacho kwa ajili ya mlango na mteremko, maana huku hata dirisha halibadilishwi bila ya ruhusa, na katika hilo yeye amefuata taratibu. Mlango mkubwa wa nakshi haukuguswa. Ukifunguliwa mbao zote mbili kiti kinapita. Mteremko nao umechukua urefu mwingi, kwa sababu kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele ili anayesukuma asishindwe na anayekaa asirudi nyuma, na vidato vile vina kimo cha sentimita 45, basi hesabu mwenyewe. Mita tano na zaidi haziwezi kuukata uchochoro, lazima zifuate ukuta. Kwa hiyo utapita juu ya baraza yao na kuila ncha ya baraza yetu. Hilo nimekwishalikubali, na wacheza bao watahamia upande wa pili.

Kilichobaki ni choo, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Wanataka kupachika vyuma vya kushikilia kwenye ukuta wetu, kimoja kando ya choo na kingine mahali pa kuogea. Fundi alijaribu kutoboa matundu madogo, skrubu hazikushika, kwa kuwa jiwe la tumbawe ni laini na huvunjika kwa ndani. Akaongeza ukubwa wa tundu, halikushika. Sasa anachimba mashimo ya kuingiza mkono ili ayajaze saruji. Ndiyo grenda uliyoisikia kwenye simu. Na hata akimaliza, mimi sina imani na chuma kile. Bi Mkubwa atakishika kwa mkono mmoja wa kushoto na kukitupia uzito wake wote. Kikichomoka, ataanguka chooni peke yake, mama wa watu, baada ya tabu yote hii iliyofanywa kwa ajili yake. Nikiwaza hilo, kelele zangu ninaziona ndogo, na bado kelele na hatari hiyo vinatoka katika shimo moja.

Basi nikamkumbuka marehemu mkweo, Mungu amrehemu. Nilipokuja Wete mwaka ule niliona mlimtengenezea fremu ya mabomba iliyosimama juu ya sakafu, pande zote mbili za choo, na ukuta haukuguswa hata kwa msumari. Alikuwa akinyanyuka mwenyewe, na wewe ukisubiri nje ya mlango. Nilipita pale bila ya kuitazama kwa makini, na sasa ninaihitaji kwa vipimo.

Nimezungumza na mwanawe Bi Mkubwa, lakini nimezungumza vibaya, kwa maana kwamba palikuwa na watu na vumbi na yeye alikuwa akimwelekeza fundi. Nilisema ukuta, yeye akasikia kelele. Akanijibu kwa adabu, "Dada, nivumilie, ni kwa ajili ya mama," na neno hilo linafunga kila mdomo. Nani atasimama kibarazani aonekane anamlalamikia mgonjwa? Nilirudi ndani nikiwa na uchungu, kwa sababu na mimi nilikuwa nikimzungumzia mama yule yule.

Baba Watoto anataka twende kwa sheha. Mimi sitaki, angalau si sasa. Tukishafika kwa sheha litakuwa shauri, na shauri lina mshindi na aliyeshindwa, na Bi Mkubwa atajua kwamba majirani wameshtakiana kwa sababu ya choo chake. Haya itamwua kabla ya maradhi. Maalim, ambaye nilimpelekea suala bila ya kutaja nyumba ya nani, alinisomea hadithi ya Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kumzuia jirani yake kupachika mti katika ukuta wake. Nikainamisha kichwa. Kisha akanisomea na ile nyengine, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, akasema kazi ya majirani ni kukaa baina ya hizo mbili. Mimi nimekubali kukaa hapo, lakini siwezi kukaa hapo peke yangu.

Mama zetu walikuwa wakitusimulia jinsi sakafu za juu zilivyokuwa zikipigiliwa kwa siku nyingi mfululizo, watu wamejipanga, wanapiga na kuimba. Kishindo kile kilikuwa kikubwa, lakini mtaa mzima ulikuwa ukijua kitaanza lini na kitaisha lini, na aliye na mgonjwa au mtoto mchanga alijulishwa mapema. Ninachokitaka leo hakizidi hapo. Mashine isianze kabla ya saa tatu asubuhi, Baba Watoto apate japo usingizi wa mwanzo. Isimame kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, watoto wasome. Usiku wafanye kazi za mkono zisizotetemesha, kama kupaka rangi na kuweka vigae. Wakinambia mapema siku ya kukata mawe, nitawapeleka watoto msikitini. Na mashimo yale yazibwe kwa chokaa. Ramadhani inabisha hodi, na sipendi tuipokee tukiwa hatusalimiani vizuri, wala sipendi mashine ilie wakati wa tarawehe.

Wewe ni dada wa ziwa wa huyo mwanawe. Bi Mkubwa alikunyonyesha pamoja naye, na neno lako kwake haliwezi kuwa neno la jirani mlalamishi. Ninakuomba umpigie simu wewe. Usianze na mimi. Anza na marehemu mkweo, na ile fremu, na jinsi ilivyomsaidia mpaka siku zake za mwisho. Mwambie kwamba tumbawe haliwezi kushika chuma cha kumbeba mtu mzima, na kwamba fremu haimchukui fundi muda mrefu, jambo ambalo kwa mtu mwenye likizo fupi ni habari njema. Ukiona amelegea, ndipo umtajie saa. Ukuta umtajie mwisho, na umwambie kwamba karatasi iliyochanika ipo, aje aitazame, milango iko wazi na chai ipo.

Lakini kwanza niandikie, au umpe Mama Nassor anapogeuza boti. Fremu ile ilikuwa na kimo gani kutoka sakafuni hadi pale pa kushika? Mliipima kwa kiwiko chake akiwa amekaa, au fundi alikisia? Nafasi kati ya bomba na bomba ilikuwa kiasi gani, na mabomba yalikuwa ya unene gani? Miguu yake mliifungia vipi chini: mliizika katika sakafu au mliikaza kwa skrubu juu ya bamba la chuma? Iliwahi kuyumba? Ilishika kutu kwa maji ya kuogea? Fundi wa vyuma aliyeichomelea bado yupo hapo Wete, na je, anaweza kutengeneza nyingine tukaipakia kwenye boti, au nimpe vipimo fundi wa huku? Na ile yenyewe iko wapi sasa? Kama imekaa tu stoo, je, shemeji ataridhia Bi Mkubwa aazimwe?

Na uonavyo wewe, nimweleze Bi Mkubwa mwenyewe? Ninamwamkia kila siku na ananishika mkono kwa huo wa kushoto, na anajua kwamba nina neno. Nimwambie, au nimwachie utulivu wake? Kama ungekuwa wewe hapa, ungeanzia kwa nani?

Mpe mama shikamoo yangu, na watoto wote salamu nyingi. Mama Nassor amebeba halua ya kwenu na kanga za dada zako. Kisutu ni cha mama.

Wasalaam,
Somo yako