Shangazi, tubadilishe mji wa khanga kabla haijaenda kiwandani

Shikamoo Shangazi,

Picha ya khanga uliyonitumia juzi usiku nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Pindo la korosho limekaa vizuri sana. Kilichonikwaza ni mji. Pale katikati umeweka kipande cha fumbo, vile vipande vya picha ambavyo watoto huviunganisha, cha bluu, na chini yake jina: MTOTO NI FUMBO, MFUMBUZI NI MUNGU.

Najua ulivyohangaika. Wazazi wa kundi letu wamekuachia kazi hii kwa sababu hakuna anayezijua khanga kama wewe, na tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani (usonji ni ile hali ya ubongo ambayo Waingereza huiita autism), unataka kila mama atoke na doti yake. Ningeweza kukupigia simu. Naandika hadharani kwa kuwa kipande hichohicho nitakiona siku hiyo kwenye fulana, mabango na status za watu wengi ninaowapenda, na maneno haya yanawahusu nao.

Alama hii ilianza Uingereza mwaka 1963. Chama kichanga cha wazazi wa watoto wenye usonji kilikuwa kinatafuta nembo, na mzazi mmoja, Gerald Gasson, akapendekeza kipande cha fumbo. Hoja yao ilikuwa kwamba hali hii inawatatiza, na kwamba watoto wao wametengwa, hawapati pa kuingia. Ndani ya kipande kile cha kwanza, Shangazi, walichora mtoto analia. Siwaiti watu wabaya. Zama hizo kulikuwa na wataalamu waliowaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto wawe hivyo. Mzazi gani asingelia? Lakini kilio kilikuwa chao wao, wakakichora kwenye uso wa mtoto.

Wamarekani nao wakakichukua, wakakitia kwenye utepe mwaka 1999, kisha shirika la Autism Speaks, lililoanzishwa mwaka 2005, likakifanya cha bluu, ndicho hicho ulichokipata mtandaoni. Baadaye watafiti wa hukohuko wakawaonyesha watu 400 wa kawaida picha za vipande hivi. Vikawajia na maana mbaya: kasoro, kupungukiwa, kutokamilika. Jarida la kisayansi lililochapisha utafiti huo lilikuwa na kipande hicho kwenye jalada lake. Mwaka 2018 likakiondoa.

Najua utaniambia kwamba kwetu fumbo lina heshima, na khanga zenyewe zinaishi kwa mafumbo. Ni kweli, wewe ndiye uliyenifundisha kuyasoma. Lakini fumbo hufumbwa na mtu, akamlenga mtu. Mwanangu hakufumbwa na yeyote. Akiziba masikio muuza maji akipita na spika yake, anasema waziwazi kwamba kelele inamuumiza. Sisi ndio tuliochelewa kumwelewa.

Watu wenye usonji wenyewe wamejichagulia alama: nane iliyolazwa, ile ambayo kwenye hesabu ina maana ya kisicho na kikomo. Ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza siku yao ya kujivunia walivyo, tarehe 18 Juni 2005, waliipaka rangi za upinde wa mvua, kwa maana kwamba usonji hauna sura moja. Hapa kwetu rangi hizo zitasomwa kwa maana nyingine kabisa, na sitaki mtoto abebeshwe ugomvi usio wake. Ila wapo wanaoipaka dhahabu tupu. Herufi "Au" ni alama ya dhahabu katika kemia, na ndizo herufi mbili zinazoanza jina la usonji katika lugha nyingi za Ulaya. Dhahabu juu ya kitambaa cheusi, Shangazi, wewe mwenyewe unajua itakavyong'aa.

Jumapili nilimchorea mwanangu alama zote mbili kwenye daftari. Kile kipande alikigusa mara moja, akakiacha. Ile nane akaifuata kwa penseli, akazunguka, akazunguka, mpaka karatasi ikachanika pale katikati mistari inapokutana, kisha akaendelea juu ya meza. Sisemi amechagua. Maneno yake ni machache na sitaki kumtilia yangu mdomoni. Lakini kwenye kundi letu wapo vijana wawili wanaoandika kwa simu, na hakuna aliyewauliza, hata mimi, hadi jana.

Wa kiume alisema michoro yote sawa kwake, ila bluu hapana. Binti nilimuuliza angependa khanga iseme nini. Zikapita kama dakika ishirini, nikadhani amelala. Ndipo ikaingia: "Nisubiri nimalize."

Naomba liwe ndilo jina, ukiridhia. Yeye ameshakubali. NISUBIRI NIMALIZE. Ni fupi, litakaa vizuri juu ya pindo la chini, na pindo la korosho libaki kama lilivyo. Nimempigia mchoraji, anasema hadi Ijumaa anaweza kubadilisha, na gharama ya sampuli mpya nitaibeba mimi.

Kwangu niandikie doti mbili.